Kuku wa Nyama: Jinsi ya Kulinganisha Mbegu Kabla ya Kujaza Banda

Mfugaji mdogo katika Kaunti ya Nakuru anayetaka kuanza kufuga kuku wa nyama hukutana na wauzaji wengi wa vifaranga, na kila mmoja husifu mbegu yake. Muuzaji wa broila husema kuku wake yuko tayari kwa wiki 6. Muuzaji wa Kuroiler au Sasso husema wake ni mgumu, hafi ovyo, na hujitafutia chakula. Muuzaji wa kienyeji walioboreshwa husema wake hutoa nyama na mayai pia. Ukichunguza, wote wanasema kweli. Tatizo ni kwamba kila mmoja anazungumzia banda tofauti, chakula tofauti na mnunuzi tofauti, na mfugaji huligundua hilo akiwa tayari amelipia vifaranga 200.

Makala haya yanaeleza namna ya kulinganisha mbegu hizo kwa hesabu na kwa mizani, hata kwa mwenye banda dogo nyuma ya nyumba.

Mbegu zilizoko sokoni

Broila weupe wanaojulikana zaidi ni Cobb 500, wenye asili ya Marekani, na Ross 308, ambao chimbuko lao ni Scotland. Kwa macho ni vigumu kuwatofautisha. Kwa mfugaji mdogo, tofauti ya Cobb na Ross ni ndogo kuliko tofauti ya kifaranga aliyesafirishwa vizuri na aliyekaa kwenye boksi siku nzima bila maji. Anayetumia muda mwingi kuuliza ni ipi bora kati ya hizo mbili afadhali atumie muda huo kukagua kitovu cha kifaranga, miguu yake na wepesi wake wa kusimama anapolazwa chali.

Kundi la pili ni kuku wa rangi wanaokua polepole kuliko broila lakini kwa kasi kuliko kienyeji. Kuroiler ilitokana na kazi ya kampuni ya Kegg Farms nchini India katika miaka ya 1990, ikaingia Uganda kisha ikaenea huku kwetu. Rainbow Rooster pia ni ya India. Sasso imetoka Ufaransa, na inafaa kukumbuka kwamba Sasso ni jina la ukoo mzima wa kuku wenye kasi tofauti, kwa hiyo mnunuzi aulize ni Sasso ipi. Huko Ufaransa, kuku wanaouzwa kwa nembo ya ubora iitwayo Label Rouge hawaruhusiwi kuchinjwa kabla ya siku 81, na walaji hulipa zaidi kwa ajili ya nyama hiyo iliyokomaa. Wazo la kwamba kuku wa polepole ana soko lake, basi, halikuanzia katika vibanda vya nyama choma.

Kundi la tatu ni kienyeji walioboreshwa wa KALRO, ambao vifaranga wao huzalishwa katika kituo cha Naivasha miongoni mwa vingine. Hawa walipatikana kwa kuchagua kutoka kwa kuku wa kienyeji wa sehemu mbalimbali za Kenya.

Kuna tofauti moja ambayo wauzaji wengi hawaitaji. Broila ni zao la kuchanganya koo kadhaa: upande wa baba umechaguliwa kwa kifua kipana na ukuaji wa haraka, na upande wa mama umechaguliwa kwa utagaji pamoja na ukuaji. Kifaranga anayefika bandani ndiye mwisho wa mchanganyiko huo. Akitotoleshwa, watoto wake hutoka wa kila namna: mmoja mkubwa, mwingine mdogo, wa tatu dhaifu. Kuroiler na Sasso nao ni machotara, na mfugaji anayeangua mayai yao kwa kizazi cha pili asitegemee uzito aliouona kwanza. Kienyeji wa KALRO wanaweza kuzalishwa nyumbani, mradi jogoo abadilishwe mara kwa mara asipande binti zake. Kwa hiyo anayenunua broila au Kuroiler anajifunga kununua vifaranga kila msimu, na gharama hiyo lazima iingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Tahadhari nyingine inahusu majogoo wa kuku wa mayai. Viwanda vya kutotolea vifaranga wa mayai hubaki na madume wasiohitajika, na wapo wachuuzi wanaowauza kwa bei ya chini kama "kienyeji" au "chotara". Kuku hao hula miezi kadhaa na bado hubaki wembamba. Bei ikiwa chini mno kuliko ya wauzaji wengine wote, mfugaji aombe risiti yenye jina la mbegu na la kituo kilichototolesha.

Hesabu ya kuku 100

Mfano ufuatao unatumia bei za kukadiria tu, ili kuonyesha njia ya hesabu. Kila mfugaji aondoe bei hizi na kuweka za soko lake.

Chukulia mfugaji amenunua vifaranga 100 wa broila kwa shilingi 90 kila mmoja, yaani shilingi 9,000. Kwa wiki 6 wamekula mifuko 7 ya kilo 50, ya kuanzia na ya kumalizia, kwa shilingi 3,500 kila mfuko: shilingi 24,500. Makaa, chanjo, maranda na stima vimechukua shilingi 4,500. Jumla ni shilingi 38,000. Wamekufa 5, wamebaki 95 wenye uzito wa kilo 2 wakiwa hai, na baada ya kuchinjwa na kusafishwa kila mmoja ana kilo 1.4. Hizo ni kilo 133 za nyama. Kwa shilingi 380 kwa kilo, mapato ni shilingi 50,540 na kinachobaki ni shilingi 12,540.

Sasa chukulia jirani yake amenunua vifaranga 100 wa kuku wa rangi kwa shilingi 110, yaani shilingi 11,000, akawafuga ndani kwa wiki 12. Wamekula mifuko 12 kwa shilingi 2,900, ambayo ni shilingi 34,800. Gharama nyingine, pamoja na chanjo za ziada, ni shilingi 5,200. Jumla ni shilingi 51,000. Amebaki na kuku 95 wenye wastani wa kilo 2.1, akawauza wakiwa hai kwa shilingi 700 kila mmoja. Mapato ni shilingi 66,500, na kinachobaki ni shilingi 15,500.

Kwa kutazama mstari wa mwisho pekee, jirani ameshinda. Lakini broila wamekaa wiki 6, na pamoja na wiki 2 za kusafisha na kupumzisha banda ni wiki 8. Hiyo ni takriban shilingi 1,570 kwa wiki. Wa rangi wamechukua wiki 14 pamoja na mapumziko, yaani takriban shilingi 1,110 kwa wiki. Tena broila huhitaji futi mraba 1 kila mmoja, na kuku wa rangi anayefikia wiki 12 huhitaji karibu futi mraba 2. Banda la futi 20 kwa 10 linabeba broila 200 au kuku wa rangi 100. Mwenye nafasi finyu na mnunuzi wa uhakika hana sababu kubwa ya kuacha broila.

Upande wa chakula nao una funzo. Broila wa mfano huu wamekula kilo 350 na kutoa kilo 190 za uzito hai, yaani kilo 1.84 za chakula kwa kila kilo ya kuku. Wa rangi wamekula kilo 600 na kutoa karibu kilo 200, yaani kilo 3 kwa kila kilo. Chakula kikipanda bei, kuku wa polepole ndiye anayeumia zaidi. Wengi hudhani kinyume, kwa kuwa mfuko wake ni wa bei nafuu.

Halafu kuna bei ya kuuzia. Katika mfano huu, broila wanaanza kutia hasara nyama ikishuka chini ya shilingi 286 kwa kilo. Wa rangi wanaanza kutia hasara kuku mmoja akiuzwa chini ya shilingi 537. Kwa hiyo faida ya kuku wa rangi yote imesimama juu ya mlaji aliye tayari kulipa bei ya kienyeji. Mnunuzi akisema "hawa si kienyeji halisi" na kutoa shilingi 500, wiki 12 za kazi zimepotea. Mfugaji anayechagua mbegu hii awe amezungumza na wanunuzi kabla ya kununua vifaranga, na awe mkweli kuhusu alichonacho. Mteja aliyeuziwa Sasso kwa jina la kienyeji hujua akishaonja, na harudi.

Siku ambayo mnunuzi hakuja

Hapa ndipo broila huwaumiza wafugaji wadogo, na mbegu yenyewe haina kosa. Broila wa wiki 6 hula karibu gramu 180 au zaidi kwa siku. Kuku 95 wakingoja siku 7, watakula takriban kilo 120, ambazo kwa bei za mfano wetu ni karibu shilingi 8,400. Mnunuzi anayelipa kwa kilo atarudisha sehemu ya pesa hizo kwa kuwa kuku wameongezeka uzito. Lakini hoteli nyingi hutaka kuku wa ukubwa fulani ili wagawanyike vipande sawa, na hazilipi zaidi kwa mkubwa. Wiki moja ya kuchelewa inaweza kumeza theluthi mbili ya faida yote, mbali na kuku watakaokufa kwa sababu miguu na moyo vimelemewa na uzito.

Kuku wa rangi husubiri. Akipitisha wiki mbili hudhuru kidogo tu, na mfugaji anaweza kuuza watano leo na kumi Jumamosi. Kwa familia inayouza kwa majirani na njiani, bila friza na bila mkataba, uvumilivu huo una thamani ambayo haionekani katika jedwali la mapato.

Madai mawili hata hivyo hayawezi kwenda pamoja. Muuzaji akisema kuku wake hujitafutia chakula na pia yuko tayari kwa wiki 12, achague moja. Utafiti uliofanywa Uganda kwa kuku waliojitafutia ulionyesha majogoo wa Kuroiler wakifikia wastani wa kilo 2.6 na wa kienyeji kilo 1.6. Hiyo ni tofauti kubwa na nzuri, lakini ilipimwa katika wiki ya 25. Anayetaka uzito wa wiki 12 atanunua chakula. Anayetaka kuokoa chakula atangoja miezi 6, na ardhi yake iwe na kitu cha kudonolewa.

Hewa ya Molo na hewa ya Naivasha

Miji ya Nakuru na Naivasha iko takriban mita 1,850 hadi 1,900 juu ya usawa wa bahari. Njoro iko juu zaidi ya mita 2,100, na Molo inakaribia mita 2,500. Kwa broila tofauti hiyo si ndogo.

Kuku anayekua upesi anahitaji oksijeni nyingi. Katika nyanda za juu hewa ni nyepesi, na usiku wa baridi humlazimisha kutumia oksijeni zaidi ili kupata joto. Moyo husukuma damu kwa nguvu kupitia mapafu yasiyokua kwa kasi ya mwili, upande wa kulia wa moyo huchoka, na majimaji huvuja na kujaa tumboni. Mfugaji huona kuku mkubwa, ambaye alikuwa akila vizuri, amejikunyata, anahema, upanga wake umegeuka rangi ya zambarau na tumbo limejaa kama mfuko wa maji. Ugonjwa huu wa maji tumboni hauambukizi na hauna chanjo. Katika milima ya Amerika Kusini na Meksiko, wafugaji wa broila waliufahamu zamani kwa sababu hiyo hiyo.

Wengi hukimbilia dawa za antibayotiki, ambazo hapa hazitibu chochote. Kinachosaidia ni joto la kutosha katika wiki za kwanza, karibu nyuzi 32 hadi 35 mwanzoni, likipunguzwa polepole kila wiki, pamoja na hewa safi wakati huohuo. Kufunga banda kwa turubai pande zote huku jiko la makaa likifuka ndani huondoa hewa ambayo kuku tayari anaikosa. Njia nyingine ni kupunguza kasi ya ukuaji mwanzoni, kwa kumpa broila chakula cha unga badala ya punje au kwa kumpimia chakula badala ya kumwachia ale mchana na usiku. Atachelewa siku chache, lakini wengi zaidi watafika sokoni.

Katika mfano wa hapo juu, wakifa broila 20 badala ya 5, nyama hushuka hadi kilo 112 na mapato hadi shilingi 42,560. Kwa kuwa wengi hufa wakubwa, chakula kimeshaliwa, na kinachobaki ni kama shilingi 4,560 tu. Kwa hiyo mfugaji wa Molo, Kuresoi au Mau Narok asikubali hesabu ya broila iliyofanywa na mwenzake wa mjini Naivasha. Huko juu kuku wa polepole ana nafasi nzuri zaidi ya kushinda.

Pande zenye joto la kaunti shida hugeuka. Broila wa wiki 5 hutweta mchana na wengine hufa alasiri. Kuondoa chakula kabla jua halijapanda, kuwalisha alfajiri na jioni, na maji baridi tele, huokoa wengi.

Jaribio la bandani

Njia ya uhakika zaidi ni mfugaji, au chama cha wafugaji wachache, kujaribu mbegu mbili pamoja kwa idadi ndogo. Vifaranga 30 kwa 30 wanatosha kuanzia. Waingie siku moja, walelewe kwa joto moja, kisha watenganishwe kwa wavu katikati ya banda, kila upande na vyombo vyake vya chakula na maji. Wakichanganywa, broila watamaliza chakula na hakuna atakayejua nani amekula nini.

Chakula ndicho hubishaniwa zaidi. Wakipewa wote chakula cha broila, kuku wa rangi atakuwa ghali bure. Wakipewa wote chakula cha kienyeji, broila atadumaa na kuonekana mbegu mbaya. Inafaa kila mbegu ilishwe kama itakavyolishwa baadaye, kwa kuwa kinachopimwa ni mpango mzima pamoja na gharama zake.

Kila wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya kulisha, wapimwe kuku 10 kutoka kila upande kwa mizani ya kuning'iniza. Wasichaguliwe kwa kukimbizwa, maana wanaokamatwa kwanza huwa ni wazito na wavivu. Watengwe kwenye kona kwa ubao au gunia, kisha wapimwe wote walionaswa hapo mpaka wafike 10. Inapowezekana majogoo na mitetea waandikwe mbali, kwani jogoo humzidi mtetea sana na upande wenye majogoo wengi unaweza kushinda kwa bahati tu.

Katika daftari, kila upande uwe na ukurasa wake: mifuko iliyofunguliwa, chakula kilichobaki siku ya kupima, uzito, waliokufa na dalili zao, dawa na chanjo. Kuku 1 akifa kati ya 30 ni zaidi ya asilimia 3, kwa hiyo tofauti ya kifo kimoja au viwili isichukuliwe kuwa hukumu. Jaribio lirudiwe katika baridi ya Juni na Julai, kisha katika kiangazi cha Januari na Februari.

Chanjo pia zilinganishwe kwa haki. Mbegu zote zinahitaji kinga dhidi ya Newcastle na Gumboro. Kuku atakayeishi wiki 12 au zaidi huhitaji pia ya ndui, na mara nyingi ya homa ya matumbo ya kuku. Muuzaji akisema kuku wake "hahitaji chanjo kwa sababu ni mgumu", mfugaji aende kwa muuzaji mwingine. Newcastle haichagui mbegu. Na yeyote aliyetibu kuku kwa dawa asubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuchinja.

Mwishoni wachinjwe kuku 3 kutoka kila upande, wapimwe wakiwa hai na tena baada ya kusafishwa, kwa sababu broila hutoa nyama nyingi zaidi ya kifua na mara nyingi humzidi mwenzake katika kilo za nyama safi hata wanapolingana uzito wakiwa hai. Wapikwe kwa njia ambayo wateja wa eneo hilo hupika. Broila wa wiki 6 akichemshwa muda wa kienyeji husambaratika sufuriani, na wa rangi akikaangwa haraka kama broila huwa mgumu. Majirani waonje bila kuambiwa ni yupi, kisha waulizwe swali moja tu: wangelipa shilingi ngapi?

Mfugaji anayetaka kupanga jaribio kama hili anaweza kumwona afisa wa mifugo wa wadi au kufika ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo, akiwa na vipimo vya banda lake, idadi ya vifaranga anaoweza kumudu, na majina ya wanunuzi ambao tayari amezungumza nao.